Barua ya kufunga muhula wa kwanza: panya wa stoo na mvua za masika

Wazazi na walezi wetu,

Salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Watoto wamefunga leo na ripoti wanazo mkononi. Alama mtazisoma wenyewe, na tarehe ya kufungua imeandikwa ukurasa wa mwisho. Mimi nataka tuzungumze habari ya panya.

Wengi mmeshasikia, maana mambo ya shule hufika barazani kabla hayajafika ofisini kwangu. Ni kweli. Katikati ya muhula tulifungua stoo tukakuta magunia mawili ya maharagwe yametobolewa, na mavi ya panya yametapakaa hadi kwenye rafu ya sufuria. Tuliyatupa yote mawili. Mpishi aliniomba tupepete na kuchagua yaliyo mazima, na kwa bei ya maharagwe siku hizi nilimwelewa. Lakini panya hakojoi mahali pamoja akamaliza. Hudondosha mkojo kila anapopita, na kwa jicho huuoni. Kosa lilikuwa letu. Magunia tuliyalaza sakafuni yakiegemea ukuta, na chini ya mlango palikuwa na mwanya wa kupita kidole gumba. Panya hahitaji zaidi ya hapo.

Sasa magunia yako juu ya mbao, mbali na ukuta. Yaliyofunguliwa yamemiminwa kwenye mapipa yenye vifuniko, mlango umepigwa bati, na matundu yamezibwa kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa. Wale wanaoficha mahamri ndani ya madawati (mnawajua, ni wenu) nao tumeshawakanya. Panya wamepungua sana, na hatukutia sumu hata chembe.

Nasisitiza hilo la sumu kwa sababu likizo watoto watashinda nyumbani. Zile dawa za panya zinazotembezwa mitaani kwenye vikaratasi na chupa zisizo na jina, tafadhalini msiziingize kwenye nyumba yenye mtoto. Akiionja, hata daktari hatajua aanzie wapi, kwa kuwa hakuna anayejua imetengenezwa kwa vitu gani. Panya akifia juu ya dari, harufu yake kwa joto letu hili mnaijua. Na paka akimla, paka naye amekwenda. (Ingawa paka wa Mji wa Kale hapa Mombasa, tuseme kweli, wameshazoea vichwa vya samaki, panya buku akipita wanamtazama tu.) Wekeni mtego, na mnyimeni panya chakula: sufuria za usiku zisilale na ukoko, taka zisikae mlangoni hadi asubuhi. Mkikuta mavi yake, msiyafagie makavu mkavuta vumbi. Yalowesheni kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini, kisha myafute kwa tambara na glavu.

Lililo zito zaidi ni mvua. Likizo hii imeangukia masika, na mnajua mitaro ya Majengo, Kisauni na Likoni inavyofurika: maji ya mvua, ya choo na ya mtaro huwa kitu kimoja. Mtoto huona pa kuogelea. Ndani ya maji hayo mna mkojo wa panya, na mkojo huo unaweza kuwa na vijidudu vya leptospirosisi. Hupenya penye mkwaruzo au kidonda, au kwa macho, pua na mdomo. Mara nyingi homa huanza baada ya wiki moja au mbili, wakati mama ameshasahau habari ya mvua. Kichwa humuuma, misuli humuuma hasa ya mashavu ya miguu, macho huwa mekundu, na ikizidi hugeuka manjano. Kwa kuwa mwanzo wake ni kama malaria, wengi hununua dawa ya malaria dukani wakangoja. Msingoje. Mpelekeni zahanati mkaseme wazi, "alicheza kwenye maji ya mvua." Maneno hayo machache humsaidia sana daktari, kwani ugonjwa huu unatibika kwa antibiotiki ukiwahiwa.

Maji ya kunywa nayo myaangalie. Mtungi wa mkokoteni hauna cheti, na kisima kikiwa karibu na choo cha shimo, masika huvichanganya. Yachemsheni, au tieni dawa ya maji na msubiri nusu saa. Waliokuwepo wakati wa El Niño ya 1997 wanakumbuka kipindupindu kilichofuata. Mtoto akiharisha choo kama maji ya mchele, muda ni mchache: mnyweshe huku mkielekea hospitali. Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Visawazisheni vijiko, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi inadhuru.

Sabuni. Tukiiweka vyooni asubuhi, saa nne haipo. Muhula ujao kila mtoto aje na kipande cha sabuni ya mche akabidhi kwa mwalimu wa darasa. Tutaifunga kwenye soksi tuitundike bombani, tuone nani ataondoka na soksi. Akina mama wanaouza viazi karai na achari langoni nimeongea nao, nao wamekubali kufunika vyakula na kuja na ndoo ya kunawia.

Jumamosi kabla ya kufungua, saa mbili asubuhi, tutazibua mtaro wa nyuma ya madarasa na kufyeka majani yaliyoshikana na ukuta wa stoo. Njooni na majembe, mapanga na viatu vya mpira, msije na ndara. Chai na mahamri vitakuwepo, vimefunikwa.

Wenu,
Mwalimu Mkuu