Nyumba za Old Kampala zipigwe picha kabla ya kuvunjwa

Mhariri,

Mabati yakishazungushwa kwenye nyumba ya zamani hapa Old Kampala, wakazi tunajua kinachofuata: shimo, kisha arkedi ya vioo yenye vibanda vya maduka hadi juu. Sipingi ujenzi. Kiwanja cha katikati ya jiji kina bei yake, na mwenye mali ana haki yake. Kinachoniuma ni kwamba nyumba inaondoka bila hata picha moja kuwekwa mahali ambapo wananchi wataiona.

Nyingi kati ya nyumba hizi zilijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi: duka chini, familia juu, ua nyuma. Ukiinua macho kwenye zile zilizosalia, mara nyingi utaona mwaka wa ujenzi na jina la mwenye nyumba kwenye plasta, juu kabisa karibu na paa. Kutokana na maandishi hayo mawili mtu anaweza kufuatilia mambo mengi: nani alijenga, nani alifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90, nani alikabidhiwa funguo, nani alirudishiwa mali yake miaka ya baadaye. Ni historia yetu sote, ya waliofukuzwa na ya walioingia. Lakini mafundi huanza kuvunja kutoka juu, na plasta ile ndiyo hutangulia kuanguka.

Los Angeles, kule Marekani, nako kulikuwa na kilima katikati ya mji, Bunker Hill, chenye majumba ya mbao ya matajiri na hoteli ambazo baadaye zilikuwa makazi ya wazee na watu wa kipato kidogo. Mwaka 1959 jiji lilipitisha mpango wa kuviondoa vyote. Maelfu ya watu walihamishwa, na kilima chenyewe kikachongwa kikawa kifupi. Nyumba mbili za mwisho, moja ikiitwa Castle, zilihamishiwa mahali pa kuhifadhiwa mwaka 1969. Mwaka huohuo zikachomwa moto zikateketea. Hata hivyo, leo mtu anaweza kuuona mtaa ule karibu nyumba kwa nyumba, kwa sababu wapiga picha waliupitia kabla matingatinga hayajafika.

Sisi hatujalala kabisa. Mwaka 2011, serikali ilipotaka kuvunja Jumba la Makumbusho pale Kitante ili lijengwe ghorofa la biashara, watu walipinga hadi mahakamani, na jumba lipo mpaka leo. Tuna pia sheria mpya ya makumbusho na majengo ya kumbukumbu ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Ila nyumba ya kawaida ya mtaani, isiyo na mtu maarufu, inahitaji jambo dogo zaidi.

Naiomba KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, isitoe kibali cha kuvunja nyumba ya zamani kabla haijapigwa picha pande zote, vyumba havijapimwa, na wapangaji wake wa muda mrefu hawajahojiwa. Gharama alipe mwekezaji. Kwa mwenye fedha za kuinua arkedi, hiyo ni senti. Nakala ziwekwe Makumbusho ya Uganda, wanafunzi wazisome bure. Kazi ianzie Rashid Khamis Road na Martin Road, maana huko mabati yameshafika.

Msomaji wenu,
Old Kampala