Mama hataki kupikia jikoni nilikomtengenezea

Shikamoo Shangazi,

Ni saa kumi alfajiri na sijafumba jicho. Wewe unazijua nyumba zetu hizi za Buruburu, kwa hivyo sitakuchosha kukueleza jikoni kulivyokuwa. Kwembamba, mmoja akifungua friji mwingine hapiti. Sakafu ya simiti nyekundu imepasuka, mbao za chini ya sinki zimeoza, mende hawasikii dawa tena. Huko ndiko nilikobomoa nikajenga upya kwa mikono yangu, wiki kumi na moja. Na Jumapili Mama akasimama mlangoni, wanachama wenzake wa chama wakiwa nyuma yake, akaniuliza, "Kwani nani alikutuma?"

Mbele ya watu, Shangazi. Wale akina mama wakaanza kuangalia chini.

Sikuanza kazi hii kwa kutafuta sifa. Bomba za chuma zilikuwa zimekwisha kwa ndani. Unajua maji yetu huja kwa zamu. Siku yakija, mfereji ulikuwa unatema kutu kwanza, maji mekundu kama chai ya rangi, na Mama anayakinga hayo hayo, anayaacha yatulie kwenye ndoo, anapikia. Mwanamke wa miaka 78. Ningekaa nitazame? Ndugu zangu walitazama. Yule wa Kitengela huja Krismasi na Pasaka, anakula chapati za Mama, anajipangusa mikono, anaenda zake.

Na nilitafuta fundi kwanza, nisije nikaambiwa najifanya najua. Alipiga hesabu ikafika laki nne unusu, akachukua 60,000 za kuanzia, akaja siku mbili akang'oa kabati na kupasua slabu ya zamani, ile meza ya zege ya jikoni, siku ya tatu simu imezimwa. Ungefanya nini? Kumejaa vifusi mpaka mlangoni. Nikachukua likizo yangu yote ya siku 21, nikatoa akiba yangu. Likizo ilipoisha nikawa nafanya kazi jioni na Jumamosi. Usiku natazama video, kesho yake natenda. Mbao nilizitoa Gikomba kwa mkokoteni. Mashine ya kuchomelea bomba za plastiki niliikodi Mutindwa. Inapata moto hadi nyuzi 260, unaingiza bomba upande huu na kiungo upande ule, unahesabu mpaka tano, unachomoa, unaunganisha hapo hapo na kushikilia bila kuzungusha. Ukizungusha, itavuja. Viungo 23, na hakuna kinachovuja hata kimoja. Stima pekee ndiyo sikugusa. Nyaya za zamani hazikuwa na athi, ule waya wa usalama unaoingia ardhini, nikaita fundi mwenye leseni, nikamlipa.

Halafu mtu ananiuliza nani alinituma.

Kweli, sikumwambia. Alikuwa Murang'a akimuuguza dada yake, nami nilitaka akirudi akute mambo yamekwisha. Ningemwambia angekataa, namjua, angesema pesa nitunze. Nyinyi mnaoshauri watu mtasema ningeuliza kwanza. Lakini zawadi huombewa ruhusa?

Alivyoingia hakusema kitu. Alitembea polepole na fimbo yake, akawa anagonga sakafu, taili moja baada ya nyingine, ko, ko, ko, mpaka karibu na mlango wa nyuma taili moja ikaitika sauti nyingine, ya utupu. Gundi haikushika vizuri pale. Zote nilizipanga vizuri. Ile sakafu nyekundu niliichokoa yote kwa tindo ili gundi ishike, magoti yakavimba, na taili moja tu kati ya zote ndiyo ilinikosea. Ndiyo hiyo aliyosimama juu yake. Akagonga tena mara mbili, kisha akaniuliza lile swali lake.

Tangu siku hiyo anapikia nje, kando ya karo, kwenye jiko la makaa. Gesi ipo, mtungi wa kilo 13 umejaa, hajauwasha. Unga anakandia kwenye beseni, amekaa kwenye kigoda, mgongo umepinda. Anaingia ndani kuchota maji tu. Anachota kwenye mfereji wangu, Shangazi, maji meupe, anatoka bila neno. Sihitaji shukrani zake, sijawahi kumdai mtu shukrani. Ila hata asante moja ingemgharimu nini?

Usiku wa Jumapili hiyo hiyo ndugu yangu akanipigia simu. Sijui ni nani aliyemfikishia habari. Anasema, "Unajijengea. Tumekuelewa." Ati tangu niliporudi nyumbani baada ya mambo yangu kuharibika, nimekuwa nikitafuta mahali pa kutia mguu, na mtu hamwagi pesa zote hizo kwenye nyumba isiyo yake. Nyumba siitaki. Nataka uelewe hilo kabla hujanijibu. Najua sheria ya urithi ya nchi hii haitofautishi binti na mwana, na najua pia kwamba Mama akiwa hai nyumba aliyoacha Baba ni ya kwake kuishi. Sina haraka na kitu cha mtu. Lakini nikuulize, kama ingekuwa ya kugawanywa leo, nani amekesha humu? Nani anajua kwamba tangi la juu likijaa kupita kiasi maji huingia chumba cha nyuma? Mimi ndiye najua. Na bado ninasema siitaki.

Kuna jambo jingine, dogo tu, sikutaka hata kuliandika. Ile slabu ya zamani Baba aliimwaga mwenyewe, na ilikuwa chini. Sisi watoto tulipokua tulikuwa tunainama tukiosha vyombo, tunalalamika. Yangu mpya nimeipandisha hadi sentimita 90 kutoka sakafuni, kipimo ambacho kila video inataja, na nilipomaliza nilisimama pale nikaweka mikono juu yake nikasikia mgongo umepumzika. Mama hanifikii begani. Jana jioni alidhani nimelala. Nilimwona kupitia ufa wa mlango, ameingia na ubao wa chapati, ameuweka juu ya graniti, akajaribu kusukuma. Viwiko vilikuwa juu kama mtu anayeogelea. Alisukuma mara mbili, akachukua ubao wake akatoka.

Sikulala tena.

Sasa sijui. Slabu ni zege, iko juu ya mawe, siwezi kuiteremsha bila kuvunja kila kitu, na pesa nimebaki na za matatu tu. Naweza kumtengenezea meza ya mbao ya chini pale dirishani, mbao za saipresi nilibakiza. Lakini nikifanya hivyo si nitakuwa nimekiri kwamba ndugu yangu anasema kweli, kwamba nilijipima mimi? Au nihame nimwachie nyumba yake, wale wanaokuja Krismasi waje wamtunze? Siwezi kumwacha peke yake. Lakini pia siwezi kuamka kila siku nikisikia ile sauti.

Nijibu mapema, Shangazi. Jumapili ndugu yangu anakuja, na Mama ameshasema atapika. Sijui atapikia wapi. Kumepambazuka sasa, nasikia makaa yakimwagwa kando ya karo.

Binti wa Tatu,
Buruburu, Nairobi