Malalamiko kuhusu viza ya mwaka mmoja na siku 90 za kukaa

Chake Chake, Pemba
3 Novemba 2025

Kwa Meneja,
Kampuni ya Uwakala wa Safari,
Tawi la Chake Chake.

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum.

YAH: USHAURI USIO SAHIHI WA VIZA KWA SAFARI YA UJERUMANI

Naandika kwa masikitiko kulalamikia ushauri niliopewa na ofisi yenu mwezi wa Machi mwaka huu, ushauri ambao ulinilazimisha kuondoka Hamburg siku 18 kabla ya kuzaliwa mjukuu wangu wa kwanza, ilhali safari nzima niliifunga kwa ajili ya uzazi huo. Nimekwishakuja ofisini kwenu mara mbili, Julai na Septemba, na mara zote mbili nimeambiwa kwamba suala langu linashughulikiwa. Hakuna kilichoshughulikiwa, ndiyo maana sasa naliweka kwenye maandishi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Binti yangu ameolewa na anaishi Hamburg, na ndani ya miaka miwili iliyopita nilikwenda kumtembelea mara tatu kwa viza za muda mfupi, kila mara kwa wiki chache tu. Safari ya tatu ilikuwa kuanzia tarehe 5 hadi 26 Januari 2025. Alipopata ujauzito tulikubaliana niende tena, niwe naye miezi ya mwisho na nimtunze mzazi hadi arobaini yake itimie, kama mama yangu alivyonitunza mimi. Nilimweleza hayo yote kijana wenu wa kaunta, na tarehe za safari ya Januari alizisoma mwenyewe kwenye mihuri ya paspoti yangu alipokuwa akinijazia fomu.

Kwa kuwa viza zangu za nyuma nilizitumia vizuri, safari hii nilipewa viza ya kuingia mara nyingi yenye uhalali wa mwaka mmoja, kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 hadi 31 Machi 2026. Nilipoileta ofisini, kijana wenu aliitazama akaniambia maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno: "Mwalimu, hii ni ya mwaka, kaa hata mwaka mzima, usiwe na wasiwasi." Kisha akanikatia tiketi ya kuondoka tarehe 10 Aprili na kurudi tarehe 22 Oktoba, yaani siku 196. Bima ya safari, ile yenye kinga ya yuro 30,000 inayotakiwa na ubalozi, mlikuwa mmeshanikatia ya siku 90. Nyaraka hizo mlinikabidhi katika bahasha moja, tiketi inasema 196, bima inasema 90, na stika ya viza yenyewe, mahali pa siku za kukaa, imeandikwa 90 kwa tarakimu zinazosomeka bila miwani. Sikujua maana ya tarakimu hiyo. Niliwalipa nyinyi ili mjue kwa niaba yangu.

Sheria yenyewe sina ugomvi nayo. Nchi 29 za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, zimekubaliana kwamba mgeni wa viza ya muda mfupi anaruhusiwa kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Tarehe mbili zilizoandikwa kwenye viza zinaeleza tu ni kipindi gani mtu anaweza kuitumia kuvuka mpaka, si muda anaoruhusiwa kukaa. Anayetaka kukaa zaidi ya siku 90 mfululizo huomba viza ya muda mrefu ya nchi yenyewe anayokwenda, kabla ya kuondoka kwao, na huwa na masharti yake. Hata sisi tuna utaratibu wetu. Mtalii anayekuja Tanzania kwa viza ya kawaida hupewa siku zisizozidi 90, na wageni mnaowapokea Nungwi na Paje mnawahesabia siku zao msije mkaingia matatizoni. Mimi sikuhesabiwa.

Aliyenihesabia ni mkwe wangu. Jioni ya tarehe 7 Juni aliichukua paspoti yangu ili apige picha ya viza kwa ajili ya kumbukumbu zao, akaisoma, akanyamaza, kisha akaniomba nimwonyeshe tiketi. Tulikaa mezani na kalenda. Kwa kila siku unayokuwapo kule, hutazamwa siku 180 zinazoishia siku hiyo, na siku zangu 22 za Januari zilikuwa bado zimo. Zilibaki siku 68 tu kuanzia tarehe 10 Aprili, na siku ya 68 ilikuwa tarehe 16 Juni. Sikuwa na miezi minne mbele yangu kama tiketi ilivyosema. Nilikuwa na siku tisa.

Asubuhi yake niliwapigia simu. Badala ya kukiri kosa, mliniambia nitoke niende Uswisi siku mbili kisha nirudi, "siku zinaanza upya". Jambo hili ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa sababu lilisemwa kwa uhakika kabisa. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo ndani ya Schengen, na siku za kule zinaingia katika hesabu ileile. Hata kama ningevuka hadi Uingereza, ambayo haimo, siku zilizokwishatumika zisingefutika. Lau ningewafuata, leo ningekuwa mtu aliyezidisha muda, mwenye kutozwa faini au kupigwa marufuku kuingia kwa miaka kadhaa, na mjukuu wangu ningemjua kwa picha.

Niliondoka tarehe 15 Juni baada ya kulipa gharama ya kubadili tiketi. Mtoto alizaliwa tarehe 3 Julai. Adhana aliyoadhiniwa niliisikia kwa simu, nikiwa nimekaa barazani kwangu Chake Chake, na binti yangu alimaliza arobaini yake bila mama.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba viza ileile ingetosha. Lau kijana wenu angechukua kalenda kwa dakika kumi, angeniambia nisiondoke Aprili, bali niingie tarehe 20 Juni. Siku za Januari zingetoka kwenye hesabu mwezi wa Julai nikiwa kulekule, nami ningekaa siku 90 kamili hadi tarehe 17 Septemba, uzazi na arobaini ndani yake, bila kuvunja sheria ya mtu.

Kwa hiyo naomba mnirejeshee gharama yote ya kubadili tiketi pamoja na ada yenu ya huduma, risiti nimeziambatanisha. Ada ya viza, yuro 90, siidai, kwa kuwa viza ilitolewa kihalali na kosa halikuwa la ubalozi. Naomba pia mliondoe tangazo la "Kaa Ulaya mwaka mzima" ambalo hadi juzi bado limebandikwa kwenye kioo cha mlango wenu, na muwapigie simu wateja wengine waliouziwa safari kwa maneno hayo. Hili la mwisho lina haraka. Tangu tarehe 12 Oktoba mipaka ya Schengen imeanza kutumia hatua kwa hatua mfumo wa kielektroniki unaosajili alama za vidole na tarehe za kuingia na kutoka, na aliyepitisha siku ataonekana kwa urahisi zaidi.

Nasubiri jibu lenu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Nisipolipata, nitayapeleka malalamiko haya kwenye mamlaka zinazosimamia biashara yenu hapa Zanzibar, pamoja na nakala za tiketi, bima na ukurasa wa viza.

Wenu katika kudai haki,

Mwalimu mstaafu,
Mteja wa tawi lenu la Chake Chake