Mieleka ya Uingereza haikuwa maigizo matupu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua niseme neno kuhusu makala mliyochapisha juu ya mieleka ya kulipwa nchini Uingereza. Mwandishi aliimaliza historia nzima kwa aya moja: kwamba yalikuwa maigizo ya runinga, na kwamba Wamarekani walipoingia na mbwembwe zao, yakafa. Sipingi kwamba matokeo yalikuwa yakipangwa. Ninachopinga ni kuuacha ustadi nje ya simulizi, kwa sababu ustadi ndio ulioijenga mieleka ile, na kuupuuza ndiko kulikoiangusha.

Anayetaka kujua shina lake aanzie Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, kwa wachimba makaa ya mawe walioshindana kwa mtindo unaoruhusu kumkamata mpinzani popote mwilini, miguu ikiwemo, hadi mabega yake yaguse chini au asalimu amri kwa maumivu. Katika mji wa Wigan, Billy Riley alikuwa na ukumbi wa mazoezi ambao watu waliubandika jina la Shimo la Nyoka. Humo hapakuwa na mchezo: kijana alikandamizwa na kupindwa viungo siku baada ya siku mpaka ajifunze kujinasua. Alikotoka mwanamieleka Billy Robinson ni huko, na Karl Gotch, aliyekuja akiwa tayari mwanamieleka wa Olimpiki, alinolewa upya huko kabla ya kwenda Japani, ambako hadi leo anaitwa mungu wa mieleka. Maigizo matupu hayazai walimu wa namna hiyo.

Ni kweli mchezo huu ulipata kuharibika hata zamani. Mwaka 1904 mwanamieleka George Hackenschmidt alijaza kumbi za London kwa nguvu na mbinu zake, lakini mieleka iliporudishwa Desemba 1930 kwa mtindo wa kuruhusu karibu kila kitu, fujo zilizidi kiasi kwamba kufikia mwisho wa muongo huo baraza la London liliipiga marufuku. Kilichoiokoa ni kanuni. Mwaka 1947 kamati iliyobeba jina la Admirali Mountevans, yule aliyewahi kuwa katika msafara wa Kapteni Scott kule Antaktika, iliweka madaraja ya uzani, raundi, na maonyo ya hadharani kwa mwenye kucheza rafu. Mwandishi wenu hakuzitaja kabisa, ilhali ndizo zilizomlazimisha mwanamieleka wa Kiingereza kufikiri: ukishinda kwa mabwago mawili, yaani kumlaza mpinzani mabega chini au kumfanya asalimu amri mara mbili, na kengele ikakutenganisha na mpinzani kila raundi, huna budi kuwa na zaidi ya ngumi na kelele.

Ndiyo mieleka iliyoingia kwenye runinga mwaka 1955, na kuanzia 1965 ikawa na saa yake kila Jumamosi alasiri katika kipindi cha World of Sport. Namwomba mwandishi atafute picha za Johnny Saint, bingwa wa uzani mwepesi. Anajikunja katikati ya ulingo kama mpira, magoti kifuani, kichwa ndani, mkono mmoja ameuacha nje. Mpinzani anamzunguka mara moja, mara mbili, asijue aanzie wapi. Mwishowe anaushika ule mkono, na papo hapo Saint anafunguka na kumrusha. Ukumbi mzima unapiga makofi, na mara nyingi aliyerushwa naye hutabasamu na kumpa mkono. Nimeitazama mara nyingi na bado sijachoka nayo.

Anguko lilianzia ndani. Katikati ya miaka ya 1970 Max Crabtree alipokabidhiwa usimamizi wa mapambano, alimjengea kila kitu kaka yake Shirley, aliyejulikana kama Big Daddy, mtu wa miaka arobaini na ushei ambaye tumbo lake ndilo lililokuwa silaha yake. Watoto walimpenda, na simlaumu aliyempenda. Lakini pambano lake na mwanamieleka mwenzake mnene, Giant Haystacks, ukumbini Wembley, Juni 1981, halikufika dakika tatu, na hilo ndilo lililokuwa tukio kubwa la mwaka. Vijana wenye vipaji walihesabu nafasi zao na kuondoka: Dynamite Kid alikwenda Kanada mwaka 1978, na binamu yake Davey Boy Smith akamfuata. Kwa hiyo kituo cha runinga cha ITV kilipoifuta mieleka mwishoni mwa 1988, kilifuta kitu ambacho wasimamizi wake wenyewe walikuwa wameshakitoa uhai.

Wala si kweli kwamba Waingereza walikuwa wameuchoka mchezo. Agosti 1992 kampuni ya Kimarekani ilikuja Uwanja wa Wembley, ikaujaza, na aliyeshangiliwa kuliko wote, akamshinda Bret Hart na kuchukua mkanda, alikuwa Davey Boy Smith, kijana wa Golborne, jirani kabisa na Wigan. Waliofika siku ile walilipa kumwona mtu wao kwenye ulingo wa wageni, kwa kuwa wa nyumbani ulikuwa haupo tena kwenye runinga.

Naliomba gazeti lirudie habari hii, na safari hii mwandishi aanzie kwa Billy Riley.

Wenu,
Mpenzi wa mieleka