Gari la wazi limetengenezwa liendeshwe, si lifunikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu mwandishi wa makala yenu kuhusu kufufua magari ya kale ya wazi, yale ya viti viwili ambayo wapenzi wake huyaita rodsta. Mengi aliyoandika ni sawa, na picha zilivutia. Ila alipofika kwenye matunzo akaharibu. Anasema ukishamaliza kulirudisha gari katika hali ya upya, lifunike vizuri, usilitoe barabarani lisije likapoteza thamani, na kila wiki uliwashe dakika kumi palepale lilipo, basi.

Mimi si makanika. Nashona maturubai, yaani paa za nguo za magari ya wazi, na viti vya magari, kazi niliyofundishwa na marehemu baba yangu. Magari haya hunifikia mwishoni, injini imeshafungwa, rangi imeshapigwa, mwenyewe hana subira tena na hela zimemwishia. Kwa sababu hiyo kila aliyenitangulia, awe fundi bodi au fundi umeme, kazi yake naikuta. Na magari yanayorudi kwangu yameoza mara nyingi si yale yanayoendeshwa. Ni yale yaliyofunikwa.

Hizo dakika kumi za kuwasha gari limesimama zinaua kuliko kutoliwasha kabisa. Petroli ikiungua huzaa mvuke wa maji. Injini inayonguruma taratibu bila mzigo haipati joto la kuufukuza, kwa hiyo maji hubaki kwenye oili na kwenye bomba la moshi, yakalila bomba kutoka ndani. Wakati huohuo difu, yaani gia za ekseli, haijazunguka, beringi za magurudumu hazijazunguka, breki hazijakamata kitu. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani, na pistoni za chuma zilizotulia humo miezi na miezi hushika kutu zikakwama. Sahani ya klachi nayo hugandana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Unakanyaga, pedali inashuka vizuri kabisa, gia haiingii. Mwenye gari anashangaa: si nalitunza?

Liendesheni. Si kila siku, wala si kwenye mvua ya mawe, ila mara moja kila baada ya wiki chache litolewe litembee nusu saa au zaidi, hadi oili ipate moto sawasawa na breki zishikwe kwelikweli. Gharama ya petroli hiyo ni ndogo kuliko seti ya kalipa za breki.

Mwandishi alijitetea kwa FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa mwaka 1966, kwamba nalo linasema gari la kihistoria lisiwe usafiri wa kila siku. Ni kweli linasema hivyo, pamoja na sharti la kuwa na umri wa miaka 30 au zaidi na kutunzwa katika hali inayolingana na historia yake. Lakini kutoka kwenye "si kila siku" hadi kwenye "kamwe" kuna safari ndefu. Shirikisho hilohilo kaulimbiu yake inazungumzia magari ya jana katika barabara za kesho. Barabara, ndugu mwandishi, si banda.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo makala ililipita kwa sentensi moja, nalo ndilo linalowaumiza wanaoanza: vizingiti, yaani lile boksi la bati linalopita chini ya mlango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kwenye rodsta za Uingereza kama MGA, au Triumph za TR3 hadi TR6, chini kuna chesisi ya chuma inayojitegemea na bodi imefungwa juu yake. Lakini MGB, iliyoanza mwaka 1962 na kutengenezwa hadi kiwanda cha Abingdon kilipofungwa mwaka 1980, zaidi ya magari laki tano ukijumlisha na yale yenye paa, haina chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mfupa. Na kwa kuwa gari la wazi halina paa la kushikilia mbele na nyuma, kazi hiyo yote imeangukia vizingiti. Humo kuna bati la nje unaloliona, bati la kati usiloliona, na jingine chini yake. Bati la nje pia linaingia chini ya mabawa, yaani madigadi, ya mbele na ya nyuma. Fundi mvivu hakati mabawa. Huchomelea bati jipya juu ya lililooza, akapiga puti ya kujazia mashimo, akapaka rangi, na gari linang'aa. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa isikwaruze, ipitishe chini ya mlango kwenda nyuma. Pale isiposhika, kuna puti.

Aliniletea mteja mmoja gari jekundu zuri sana kwa macho, nimshonee turubai. Nikapima, nikakata, nikashona, siku ya kulivalisha likawa linaning'inia, limelegea katikati hata ungeweza kuliminya kwa ngumi. Akaniambia nimekata kubwa. Sikubishana naye. Nilimwomba asimame pembeni ya mlango auangalie mwanya wake: kwa chini kidole kinaingia, kwa juu hata karatasi ilipita kwa shida. Kumbe fundi alikuwa ameliweka gari juu ya stendi mbele na nyuma, akakata vizingiti vyote viwili kwa mara moja bila kufunga vyuma vya kushikilia uwazi wa milango. Katikati ikashuka, kioo cha mbele kikalala kuelekea nyuma, naye akachomelea vipya hivyohivyo. Turubai langu lilikuwa la kipimo cha gari lilivyotakiwa kuwa. Gari ndilo lilikuwa limepinda.

Ndiyo maana nasema turubai ni kama rula. Kabla ya kulipa fundi bodi, kabla ya rangi, funga fremu ya turubai mahali pake na ulivalishe hata la zamani lililochanika. Kama lilikuwa linafika na sasa halifiki, au linalegea, rudi kwenye vyuma. Na wakati wa kukata vizingiti, fungeni vyuma kutoka bawaba za mlango hadi kitasa, mlitegemeze gari pale linapotegemea springi zake, mkate upande mmoja mpaka uishe ndipo muende wa pili. Aliyeshindwa kabisa anaweza kununua bodi mpya; British Motor Heritage ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1975, imekuwa ikitoa bodi za MGB tangu 1988. Kama gari lenye bodi mpya bado ni lilelile, waachieni wanaopenda kubishana.

Kwenye viti nina ugomvi mwingine. Makala ilishangilia ngozi mpya, zulia jipya, kromu mpya, kila kitu kipya, kana kwamba gari la mwaka 1965 linapaswa kuona aibu ya kuwa la mwaka 1965. Mama mmoja aliniletea viti vya gari la marehemu mumewe. Cha dereva ngozi ilikuwa imelainika upande wa mlangoni, pale mtu anapojiteleza kuingia, rangi imefifia hadi kuonyesha kahawia chini yake, na mshono wa ukingo umefumuka. Wote waliotangulia kumshauri walisema ng'oa, weka mpya. Nikageuza kiti. Tatizo lilikuwa chini: ile mikanda ya raba inayobeba sponji, iliyotumika sana kwenye viti vya magari ya Uingereza ya enzi hizo, ilikuwa imekauka na kukatika, ndiyo maana dereva alikuwa anazama na mshono unavutika. Niliweka mikanda mipya na sponji mpya, nikashona ukingo kwa matundu yaleyale ya sindano ya zamani, ngozi nikailisha mafuta. Basi. Alama ya yule bwana ikabaki.

Hilo si jambo la watu wasio na uwezo. Hata Pebble Beach kule California, kwenye maonyesho ya magari ya kale yenye majivuno kuliko yote, kuna daraja maalumu la magari ambayo hayajapigwa rangi upya wala kubadilishwa viti. Gari lina nafasi moja tu ya kuwa na ngozi yake ya kwanza. Rangi unaweza kupiga hata kesho.

Kinachopaswa kuwa kipya ni kile kinachookoa maisha, na hapo sina huruma na ukale. Hozi za breki, badilisha. Hozi za petroli, badilisha kwa zile zinazovumilia ethanoli, kwa sababu petroli za siku hizi nyingi zimechanganywa nayo na raba za zamani hulainika na kuvuja. Tairi, usiangalie kashata peke yake. Tazama ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho: 2312 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Nimeona rodsta zenye tairi za kashata nzima, nyeusi, zimepakwa dawa ya kung'arisha, na ukikunja raba kidogo zina nyufa kama tope lililokauka. Hizo ni za gari lililofunikwa, si za gari lililotembea.

Na raha yenyewe je? Mwandishi hakuigusa kabisa, nikajiuliza kama amewahi kukalia moja. Injini ya MGB ya mwanzo ilitoa nguvu za farasi 95, ambazo leo magari mengi madogo ya familia yanazizidi. Lakini umekaa chini, mkono ukiuachia nje unakaribia lami, na kilomita 70 kwa saa zinakutosha kabisa. Unasikia tairi, unasikia mnyonyo wa kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa. Wenye kabureta mbili za aina ya SU wana mchezo wao wa kuchukua kipande cha hozi, ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, wanasikiliza mfoko wa upepo wa hii na wa ile hadi zilingane. Hakuna kompyuta hapo. Mteja wangu mmoja, mtu mzima mwenye cheo chake, nilimkuta ameinama hivyo akicheka peke yake. Furaha hiyo haipatikani chini ya shuka.

Mkiyatoa basi, yaonyesheni huruma maturubai yangu. Msikunje turubai likiwa na maji. Ukungu huanza kwenye mikunjo na hautoki. Msikunje dirisha la plastiki wakati wa baridi, hupasuka. Wenye Mazda MX-5 za mwanzo, zilizotoka mwaka 1989, dirisha la nyuma lina zipu: ifungueni na kulilaza dirisha kwanza ndipo mshushe turubai, msilazimishe plastiki ijikunje. Baadhi ya MGB za zamani fremu ya turubai hutolewa nzima na kuwekwa kwenye buti, kwa hiyo mjue mnayo ipi kabla ya kuvuta kwa nguvu. Wenye MGA wanajua kwamba mlango hauna kishikio cha nje. Unapitisha mkono pembeni na kuvuta kamba iliyo ndani, na watu wakiwa na haraka hunichania mapazia ya pembeni, yale yanayokaa mahali pa vioo vya milango, kila leo. Na anayeagiza turubai jipya aje siku ya jua. Nguo ya vinaili ikipata joto inavutika vizuri. Natia alama ya chaki katikati ya bodi na katikati ya nguo, naanza kufunga nyuma, vioo vya milango vikiwa juu, ndipo navuta kuja mbele. Likionekana limekaza mno siku ya kwanza msiogope, liacheni limefungwa usiku mzima. Likiwa limelegea siku ya kwanza, mrudishieni aliyeshona.

Kabla sijaweka kalamu, kuna jambo ambalo makala haikulitaja na linahusu afya. Viatu na pedi za breki za magari ya wakati ule, pamoja na sahani za klachi, mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halina tiba. Mafundi wengi wakifungua ngoma ya breki hupuliza vumbi kwa kompresa. Msifanye hivyo, wala msilifagie likiwa kavu. Vaeni barakoa inayozuia vumbi laini, lilowesheni kwa maji yenye sabuni, lifuteni kwa kitambaa, kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa, na watoto wasiwe karibu. Naomba mhariri mlichapishe hili hata kama sehemu nyingine za barua yangu mtazipunguza.

Wasalaam,

Mshonaji wa maturubai, msomaji wenu