Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Mkonge na Watu Wake, Korogwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi wetu,
Wazee wetu mliotoka kambini na vijijini,
Wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wa wanafunzi ukiwa na majukumu mengi. Kuja kwako kumewapa moyo hata wazee wa kambi za wafanyakazi wa mkonge waliotuuliza mwanzoni, "Mambo ya kambini nani anayataka?"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maonyesho haya yanahusu mkonge. Tumeuchagua kwa sababu ukitoka nje ya lango la shule unauona pande zote, na kwa sababu wengi wetu tusingezaliwa Korogwe kama si zao hili. Darasa moja la shule yetu lina watoto ambao babu zao walitoka Kasulu, Songea, Njombe, Singida, Burundi na ng'ambo ya mto Ruvuma, na wamekaa dawati moja na watoto wa Wazigua, Wasambaa na Wabondei ambao ndio wenyeji. Watu hao hawakukutana hapa kwa bahati. Walikusanywa na soko la kamba la Ulaya na Marekani.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Mexico, ambako Wamaya wa rasi ya Yucatán walisokota kamba za mimea ya jamii hiyo karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Henry Perrine, aliyekuwa konseli wa Marekani huko Campeche, aliupeleka Florida katika miaka ya 1830. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza vikonyo 1,000, yaani miche midogo ya mkonge, kutoka Florida, vikasafirishwa kupitia Hamburg. Vilivyofika hai ni 62 tu. Vilipandwa Kikogwe, karibu na mji wa Pangani, na kufikia 1898 vilikuwa vimezaa mimea zaidi ya 60,000.

Tulipoanza utafiti wetu tulijiuliza kwa nini watu walihangaika namna ile kwa ajili ya vikonyo. Jibu liko katika ngano. Mashine za kuvuna na kufunga miganda zilikuwa zimeenea katika mashamba ya Marekani, na kila mganda ulihitaji kamba ya kuufungia. Meli nazo zilihitaji kamba. Kwa miaka mingi soko hilo lililishwa na Yucatán, na kule Wamaya walifungwa kwenye mashamba ya matajiri kwa madeni yasiyokwisha, baba akifa na deni lake likimwangukia mwanawe. Kwa kweli jambo hili lilitugusa sana. Tulikuwa tukidhani shida za babu zetu ni za hapa tu, kumbe kulikuwa na watu wengine, bara jingine, wakiumia kwa ajili ya mmea wa jamii hiyohiyo na soko hilohilo.

Kilichofuata hapa Tanga kinajulikana kwa sehemu. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Ukiitazama kwenye ramani utaona imetoka bandarini ikapita katikati ya mashamba. Ilijengwa ili kutoa mali ndani na kuipeleka pwani, na mpaka leo miji yetu imejipanga kando yake kama ilivyopangwa na wale waliotaka mzigo ufike melini. Soko letu na ofisi nyingi ziko pale zilipo kwa sababu ya stesheni.

Reli ilijengwa, ardhi ikatwaliwa, lakini wafanyakazi hawakutosha. Wenyeji walikuwa na mashamba yao wenyewe ya kulima, na hawakuona sababu ya kuyaacha wakakate majani yenye miiba. Ndipo kodi ya kibanda, iliyoanza 1898, ikafanya kazi yake. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana shambani. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Waingereza waliendeleza utaratibu huo kwa njia yao. Mikoa ya mbali kama Kigoma iliachwa bila zao la maana la biashara, ili vijana wake wasiwe na pa kupata senti isipokuwa kwa kusafiri. Tunasema hivi kwa uchungu, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maana tunapoambiwa leo kwamba mikoa fulani "imechelewa", mara nyingi hatuambiwi kwamba ilicheleweshwa.

Tuliwahoji wazee wetu, na kwa ruhusa yao tunaeleza machache bila kutaja majina. Mzee mmoja aliyetoka Kasulu akiwa kijana alituambia walipanda treni Kigoma wakiwa wengi, wamebeba blanketi na chungu, na hawakujua Tanga iko wapi. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana watu hao wakaitwa manamba. Kambini jina lake alilopewa na wazazi lilikaa ndani ya nyumba. Nje aliitwa kwa namba na kwa kabila. Alipokea kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza kiasi ulichopangiwa haikuandikwa. Ndiyo maana mwezi wa mshahara ungeweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda.

Kazi yenyewe waliieleza kwa undani, na hapo ndipo macho yao yaling'aa, maana walikuwa mafundi. Jani hukatwa karibu na shina, ncha yenye mwiba huondolewa, majani 30 hufungwa tita, matita hubebwa hadi kwenye reli nyembamba ya shamba. Kutoka hapo hupelekwa korona, mashine inayoponda na kukwangua jani hadi zibaki singa, yaani nyuzi zake. Singa huanikwa juani, hupigwa brashi, hufungwa marobota. Mama mmoja aliyeanika singa tangu ujana wake alitufundisha namna ya kutambua daraja la singa kwa kuigusa tu. Tulijaribu, hatukuweza. Ujuzi kama huu haumo katika kitabu chochote tulichokiona, na wenye nao wanatuacha mmoja mmoja.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, Japani ilipoiteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, nchi za Magharibi zilipoteza katani ya Manila na mkonge wa Java. Ghafla mkonge wa Afrika Mashariki ukawa silaha. Serikali ya kikoloni ikawalazimisha watu kwenda mashambani, na vijana waliochukuliwa vijijini kwao hawakuambiwa lolote kuhusu Ufilipino. Sisi tunaliona hili kuwa funzo kubwa kuliko yote tuliyokusanya: kijana wa Kasulu au wa Njombe alibadilishiwa maisha na mapigano ya bahari asiyoijua, na wajukuu wake wanaishi Korogwe mpaka leo.

Lakini wazee wetu hawakukaa tu kama mizigo iliyoshushwa. Walijenga maisha. Kambini mtu aliyekufa mbali na ndugu zake alizikwa na watani. Mtani ndiye aliyechimba kaburi, akapasha habari, akatania msibani ili wafiwa wapumue. Watu waliotoka pande zisizojuana walitafutana utani, na pale ambapo haukuwepo waliuanzisha. Wamakonde walikuja na sindimba, Waha wakaja na ngoma zao, na siku za mapumziko kambi nzima ilicheza. Watoto waliozaliwa humo walikua wakizungumza Kiswahili nyumbani, kwa sababu baba na mama hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana. Sisi ni vizazi vya nyumba hizo, na tunajivunia.

Walijifunza pia kudai haki. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde waligoma, na katika miaka hiyo vyama vya wafanyakazi vya mkonge vilikua pamoja na harakati za uhuru. Mara nyingi historia ya uhuru husimuliwa kwa mikutano ya mjini. Tunaomba wanaoandika vitabu vya shule wakumbuke na wakata mkonge.

Uhuru ulipopatikana, mkonge ndio uliokuwa ukiiingizia nchi yetu fedha nyingi za kigeni kuliko zao jingine, na mashamba yaliajiri zaidi ya watu laki moja. Mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 200,000 na Tanzania ikaongoza duniani. Halafu zikaja kamba za plastiki. Bei ikaporomoka, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakawa mali ya umma wakati soko lenyewe tayari lilikuwa limeanza kuzama. Watu wengi hubishana nani alaumiwe, utaifishaji au plastiki. Maoni yetu ni kwamba mkoa uliofundishwa kuzalisha kitu kimoja kwa ajili ya watu wa mbali ungeumia tu siku watu hao watakapopata kitu cha rahisi zaidi. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000, na kambi zikabaki na watu wasio na ajira wala nauli ya kurudi walikotoka baba zao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yapo pia yaliyotufurahisha. Hapa mkoani Tanga, katika kituo cha utafiti cha Mlingano, kilichoanzishwa miaka ya 1930, watafiti walizalisha chotara anayeitwa 11648, mwenye majani mengi kuliko mkonge wa Hindorf. Chotara huyo alivuka bahari akaenda Uchina, na leo ndiye anayelimwa zaidi huko. Mmea uliotujia kutoka Mexico umetoka hapa umeboreshwa, na Uchina sasa ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa singa zetu. Singa za Tanga zinakwenda pia Saudi Arabia, ambako huchanganywa na jasi kupambia dari na kuta. Pale Hale ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge. Hilo ni jambo zito, kwani singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na kwa zaidi ya miaka 100 sehemu iliyobaki ilitupwa. Serikali nayo imeliweka zao hili miongoni mwa mazao ya kimkakati, na wakulima wadogo katika wilaya yetu wanalima mkonge kupitia vyama vya ushirika, wengine katika ardhi ileile ambayo baba zao waliikatia majani kwa kipande.

Hata hivyo lipo jeraha ambalo halijapona. Mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye baba yake naye alizaliwa kambini, bado anaulizwa, "Kwenu hasa ni wapi?" Akitaka kiwanja, anaambiwa ardhi ni ya shamba. Akienda Kigoma, wenzake wanamwona mtu wa Tanga. Baadhi ya familia za wanafunzi wenzetu zimeishi katika nyumba zilezile za kambi kwa vizazi vitatu bila karatasi yoyote inayosema nyumba ni yao. Tunajua mashamba kadhaa yaliyotelekezwa yamegawiwa wananchi, na tunashukuru. Tunaomba ugawaji unapofanyika tena, wakazi wa kambi wahesabiwe kuwa wenyeji, kwa sababu makaburi ya wazazi wao yako hapa.

Kuhusu klabu yetu, tumefanikiwa kurekodi simulizi za wazee wa kambi za jirani, kuchora ramani ya kambi za zamani na makabila yaliyoishi humo, na kukusanya vifaa utakavyoviona baada ya risala hii: visu vya kukatia, kadi za kipande zilizotunzwa na familia, brashi ya zamani, na picha. Tunawashukuru walimu wetu wa Historia na Jiografia, pamoja na wazee waliokubali kutufungulia masanduku yao.

Changamoto zetu ni hizi. Simulizi tumezirekodi kwa simu za walimu, na simu zikiharibika sauti zinapotea. Hatuna chumba chenye kufuli cha kutunzia vifaa. Na katika baadhi ya ofisi za zamani za mashamba yamo madaftari ya wafanyakazi, yenye namba, majina, wilaya walizotoka na tarehe walizofika. Tumeyaona baadhi yakiliwa na mchwa. Kwa mtu asiyehusika ni karatasi kuukuu. Kwa mwanafunzi ambaye babu yake alifariki kabla ya kumwambia alikotoka, huenda ndiyo maandishi pekee duniani yanayolitaja jina la ukoo wake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, utusaidie kupata kompyuta na kinasa sauti, ili simulizi hizi zitunzwe mahali salama. Pili, utuombee kwa wahusika madaftari hayo yahamishiwe kwenye hifadhi ya nyaraka, na nakala ibaki wilayani ambako familia zinaweza kuisoma. Tatu, eneo la makaburi ya manamba lililo jirani na shule lipimwe na kuwekewa mipaka kabla trekta halijafika. Sisi wanafunzi tuko tayari kulisafisha na kupanda miti, na watani wetu kutoka shule za jirani wameahidi kuja na majembe yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii tunakuomba ukate utepe, kisha mama yetu fundi wa singa atakuonyesha daraja la kwanza na la pili kwa mkono wako mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Historia