Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, chama chetu cha makoda wa hospitali (sisi tunaogeuza maandishi ya daktari kuwa namba za ugonjwa na malipo) huku Marekani

Ndugu wanachama, salamu kwenu wote. Mikutano ya Zoom imefanyika kila mwezi, misiba miwili tumechangiana, wanachama wapya watano tumewapokea, hayo mnayajua.

Niende kwenye lile linalosemwa sana kwenye grupu, zile dola 900 za pikiniki. Ni kweli tulizihamishia kwenye darasa la namba za wagonjwa wanaotumia tumbaku, la Jumamosi tatu, mwalimu 600 na vitabu 300, na kamati ilikubali, katibu anayo maandishi, kwa hiyo habari ya kwamba mwenyekiti kajiamulia mwenyewe naomba iishe. Mifano yote ya Kiswahili niliandaa mimi usiku nikitoka shifti na sijalipwa hata senti. Mnasema tumbaku kila mtu anaijua, jamani, kwenye mazoezi 40 mliyonitumia 23 yalikosewa, wengi mnabandika namba Z72.0 kwa kila mgonjwa! Daktari akiandika kwamba mgonjwa ni mvutaji, faharasa ya kitabu cha namba inakupeleka F17, yaani utegemezi wa nikotini, sigara ni F17.210, tumbaku ya kutafuna F17.220, sigara za kielektroniki F17.290, aliyeacha na akabaki na historia tu ni Z87.891. Z72.0 ni pale imeandikwa anatumia tumbaku basi, na haikai pamoja na F17. Sisi hatukisii, daktari hajaeleza unamrudishia swali.

Na ushauri wa kuacha una dakika zake, namba ya malipo 99406 ni zaidi ya dakika 3 mpaka 10, 99407 ni zaidi ya 10, dakika zisipoandikwa hakuna malipo. Kinachoniuma zaidi ni mgonjwa mwenyewe, maana Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, inalipia CT, picha ya mashine ya kuchunguza kansa ya mapafu kwa wa miaka 50 mpaka 77 aliyevuta angalau pakiti moja kwa siku miaka 20 au kiasi kinacholingana na hicho, anayevuta bado au aliyeacha ndani ya miaka 15, sasa faili likisema "anavuta" tu, pakiti ngapi, miaka mingapi hamna, mzee wa watu anakosa kipimo hivihivi.

Halafu tuko 61, Jumamosi ya kwanza mkaja 14, ya tatu 9. Ada ya dola 60 wamelipa 27, ina maana dola 2,040 ziko mifukoni kwenu, hizo zingetosha pikiniki mbili na chenji ikabaki, ila lawama zote kwangu.

Mwakani tunategemea kufanya darasa lingine, labda la kisukari, na pikiniki Mungu akipenda. Mweka hazina anapokea ada hata leo usiku.